Kiporo, kimeta na jina la mtoto wa watu

Siku moja asubuhi walipita mtaani kwetu vijana wawili wenye mabomba mgongoni, wakipulizia dawa kwenye mtaro. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa kando ya mtaro anakaanga mihogo. Akawauliza, "Wanangu, hiyo sumu si itatumaliza?" Kijana mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Siyo sumu, mama. Ni bakteria tu." Mama akafunika karai lake kwa haraka ambayo hata sumu isingeisababisha.

Nilicheka. Baadaye nikajiuliza kwa nini nacheka, maana hata mimi nikisikia neno bakteria nawaza kuhara, kipindupindu na sindano. Kijana alikuwa ametaja jina sahihi la kitu kisichomdhuru mtu, na jina lenyewe ndilo likamtia mama hofu. Nikaanza kusoma habari za hiyo dawa nikidhani nitaandika kijihabari cha malaria. Nikaishia kwenye jambo lingine ambalo nalikwepa tangu nianze kazi hii: nani ana haki ya kukipa kitu jina, na anapaswa kujua nini kwanza?

Tuanze na bakteria mwenyewe. Anaitwa Bacillus thuringiensis. Aina inayoua viluwiluwi vya mbu ilipatikana mwaka 1976 katika jangwa la Negev, kwenye kidimbwi ambacho viluwiluwi vyake vilikuwa vimekufa kwa wingi. Leo aina hiyo inatengenezwa hata hapa kwetu, kwenye kiwanda cha viuadudu Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba. Lakini spishi yenyewe ni ya zamani zaidi katika vitabu. Mwaka 1901 Mjapani Ishiwata Shigetane alikuwa anachunguza kwa nini viwavi wa hariri wanazirai na kufa ghafla. Akamkuta bakteria ndani yao na kumwita kwa jina la ugonjwa ule, sotto, yaani kuanguka ghafla. Miaka kumi baadaye, Mjerumani Ernst Berliner akamkuta bakteria wa namna hiyohiyo ndani ya viwavi wa nondo wa unga, waliotoka kwenye kinu cha kusaga nafaka huko Thuringia. Mwaka 1915 akampa jina la jimbo hilo, na jina hilo ndilo lililoshika.

Kwa hiyo kiumbe ambacho kilikuwa kinaua viwavi kabla hata ya mtu kujenga kinu kinaitwa kwa jina la mahali ambapo Mjerumani mmoja alikikuta, tena baada ya Mjapani kukiona. Kibaya zaidi, wale bakteria aliowafuga Berliner maabara walipotea. Mwaka 1927 mwenzake aitwaye Mattes ikabidi awatafute upya kutoka kwa mdudu yuleyule. Jina lilibaki kwenye karatasi wakati mwenye jina hayupo.

Anavyoua ni jambo la kustaajabisha. Bakteria huyu anapojifunga kuwa spora hutengeneza pembeni yake fuwele ndogo ya protini. Kiluwiluwi akiimeza, maji ya tumbo lake, ambayo hayana asidi kama ya kwetu, yanaiyeyusha. Sumu inatoka, inashika kuta za utumbo na kuzitoboa. Kiluwiluwi anaacha kula, kisha anakufa. Mtu akiimeza fuwele hiyohiyo, tumbo lake halina mazingira hayo wala kuta za utumbo wake hazina mahali pa sumu hiyo kushika. Yule kijana wa bomba alikuwa sahihi.

Sasa ngoja nikutajie ndugu zake.

Wa kwanza unamjua, hata kama hujawahi kusikia jina lake. Wali ukilala nje ya friji usiku kucha, asubuhi ukaula, saa chache baadaye ukaanza kutapika, huenda umekutana na Bacillus cereus. Tumwite bakteria wa kiporo. Wa pili anajulikana zaidi kwa wafugaji: Bacillus anthracis, bakteria wa kimeta, anayeua ng'ombe, swala na mtu anayechuna mzoga. Mmoja anakuharibia asubuhi, mwingine anakuua, na wa tatu anapuliziwa mtaroni ili watoto wasipate malaria.

Mwaka 2000 watafiti wa Norway na wenzao walichapisha makala yenye hoja moja kubwa: kwa kuangalia vinasaba, hawa watatu ni spishi moja. Tofauti inayotutisha imebebwa kwa sehemu kubwa na vipande vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi, ambavyo vinakaa pembeni ya vinasaba vikuu na vinaweza kupotea au kuhama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Mimi nilielewa nilipofikiria simu na laini. Simu ni ileile, ukiweka laini hii unapatikana kwa namba hii, ukiitoa ukaweka nyingine unakuwa mtu mwingine kwa anayekupigia. Bacillus thuringiensis akipoteza plasmidi zenye maelekezo ya fuwele, maabara inapata shida kumtofautisha na bakteria wa kiporo. Bakteria wa kimeta ana plasmidi mbili za hatari. Miaka ya 1930 daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, Max Sterne, alipata kimeta kisicho na uwezo wa kujifunika gamba lake, na baadaye ikajulikana kwamba kilikuwa kimepoteza moja ya plasmidi hizo. Kimeta hicho kilichopungukiwa ndicho kikawa chanjo, na hadi leo ng'ombe wanachanjwa nacho. Bakteria wa jina lilelile, mwenye laini mbili anaua zizi, mwenye moja analilinda.

Na kinyume chake kipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sokwe walikufa katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire. Ugonjwa ulikuwa kimeta. Bakteria alipochunguzwa vizuri alionekana kuwa karibu zaidi na wa kiporo, ila amebeba plasmidi za kimeta.

Nilipofika hapo niliikumbuka methali tunayoisema bila kufikiri: mtoto wa nyoka ni nyoka. Tunaitumia kufunga mjadala. Familia hii ya bakteria inaifungua tena, maana undugu wao hauna ubishi na bado matendo hayafanani. Ukiwapa jina moja kwa sababu ya undugu umesema kweli, lakini umeficha nani anaua. Ukiwapa majina matatu kwa sababu ya matendo, umesema kweli nyingine, lakini umefanya tendo linaloweza kupotea lionekane kama asili isiyobadilika.

Unaweza kudhani sayansi ina kipimo cha kumaliza ubishi. Kipimo kipo. Siku hizi ukimtoa bakteria ndani ya buu, ukamfuga peke yake mpaka una uhakika hana mchanganyiko, unasoma vinasaba vyake vyote na kuvilinganisha na vya wanaojulikana. Kufanana kukiwa chini ya takriban asilimia 95 na yeyote yule, una hoja ya spishi mpya. Zaidi ya hapo, ni spishi ileile. Ni namba ya makubaliano tu, kwa sababu inafanya kazi kwa bakteria. Wataalamu wenyewe hutania kwamba kwa kipimo hicho sisi na sokwe tungekuwa spishi moja. Kwa hiyo hata namba haituambii kitu ni nini. Inatuambia tumekubaliana kukata wapi.

Lakini kilichonigusa zaidi kuliko namba ni masharti yake. Huwezi kumpa bakteria jina rasmi kwa kusema tu kwamba umemwona. Lazima umpeleke akiwa hai kwenye hazina mbili za kuhifadhi vijidudu, katika nchi mbili tofauti, ili mtu yeyote mwenye shaka aweze kumwomba, kumfuga na kukuthibitishia kwamba umekosea. Ukisema bakteria huyu ndiye aliyewaua mabuu, unatarajiwa umtenge, uwape mabuu wazima, uwaone wakiugua ugonjwa uleule, kisha umtoe tena ndani yao. Mkosaji huwekwa mbele ya macho yako mara mbili kabla hujamtaja.

Basi kwa nini baada ya makala ya mwaka 2000 majina matatu hayakufutwa na kuwa moja? Sababu mojawapo ni usalama. Fikiria maabara inaandikiwa kwamba sampuli yenu ina Bacillus cereus, na mle ndani yumo wa kimeta. Sheria za kimataifa za majina ya bakteria zina kifungu kwa ajili ya hali kama hiyo: jina linaloweza kusababisha ajali ya kuhatarisha afya au maisha ya watu linaweza kukataliwa, hata kama ni sahihi kwa vigezo vingine vyote. Kifungu hicho kimetumika. Vinasaba vilionyesha kwamba bakteria wa tauni ni tawi tu la bakteria mwingine asiye mkali kiasi hicho, na ikapendekezwa aitwe hivyo. Mwaka 1985 jina hilo likakataliwa. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa la hatari.

Niliposoma hilo niliacha kusoma kwa siku kadhaa. Sababu ni hii.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, miaka ile ya hofu ya Panya Road, Dar es Salaam ilikuwa haitulii. Ikifika jioni, uvumi mmoja tu ulitosha watu kufunga maduka na kukimbia. Siku moja tukaletewa picha ya vijana kumi na mmoja waliokamatwa katika msako wa usiku, wamekaa chini, mikono magotini. Niliambiwa niandike maelezo ya picha na kichwa cha habari. Nikaandika: Panya Road wanaswa. Neno "watuhumiwa" lilikuwepo mwanzoni. Nililitoa kwa sababu kichwa hakikuenea kwenye nafasi.

Wiki tatu baadaye niliitwa mapokezi. Alikuwepo mama amevaa khanga, na gazeti lile amelikunja mara nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika hii?"

Nikasema ndiye. Akanionyesha kijana wa tatu kutoka kushoto. Alikuwa ametoka kuangalia mpira kibandani usiku ule. Aliachiwa baada ya siku chache bila kufunguliwa shitaka lolote. Lakini kwenye gereji alikokuwa anajifunza ufundi aliambiwa asirudi, na mtaani watoto wadogo walikuwa wanamwita Panya.

"Ulimwona?" mama akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Ulimwona akiiba?"

Nikamwambia tuliandika tulichoambiwa.

"Sijakuuliza ulichoambiwa, baba."

Gazeti lilitoa masahihisho ukurasa wa ndani, mistari mitano. Sidhani kama kuna mtu mtaani kwao aliyeisoma.

Kwa miaka nilijitetea kwa hoja moja, na hoja hiyo si ya kipuuzi. Wapo kati ya wale kumi na mmoja waliofikishwa mahakamani. Dada mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi alikatwa panga mkononi usiku na vijana wa namna hiyo kwa sababu ya simu. Mji una haki ya kuambiwa nani anawaumiza. Ukimwambia yule dada kwamba tusitaje majina kwa sababu binadamu wote ni ndugu, unamtukana. Ni sawa na kuandika cereus kwenye chupa ya kimeta. Kutaja jina kwa kuangalia tendo si dhambi. Wakati mwingine kutotaja ndiyo dhambi.

Kwa hiyo nilidhani ninachobishana nacho ni ukali wa jina. Ni hawa bakteria walionionyesha kwamba kosa langu lilikuwa kwingine. Niliwapa watu kumi na mmoja jina la tendo bila kumtenga hata mmoja. Kwa lugha ya maabara, nilichukua mchanganyiko nikauita kwa jina la mkali zaidi aliyedhaniwa kuwemo. Samaki mmoja akioza, tunasema, wote wameoza. Inaweza kuwa kweli kwa samaki waliomo kapuni siku ya pili. Mtu anayepima viini vya ugonjwa akifanya hivyo, kazi yake inarudishwa.

Pia sikuacha kitu ambacho mwenye shaka angeweza kukipima. Bakteria mwenye jina yupo hazinani, akiwa hai, akisubiri kumsuta aliyemtaja. Yule kijana alikuwa hai pia, na aliletwa mbele yangu na mama yake kwa njia pekee waliyokuwa nayo, yaani picha ya gazeti. Ushahidi dhidi ya jina langu ulifika mapokezi na kunisalimia. Nikaupa mistari mitano.

Kuna tofauti ambayo siwezi kuiruka. Mwanafalsafa wa Kanada Ian Hacking aliwahi kutenganisha vitu visivyojali vinaitwaje na watu, ambao hulisikia jina na kubadilika kwa sababu yake. Ukimwita bakteria thuringiensis au sotto, fuwele yake ni ileile. Kijana ukimwita Panya, anafukuzwa gereji. Akifukuzwa gereji anakaa kijiweni. Akikaa kijiweni siku nzima, msako ujao unamkuta palepale. Jina lililokuwa la uongo Januari linaweza kuwa la kweli kufikia Desemba, na aliyeliandika atasema, mnaona? Hili linaufanya mzigo wetu uwe mzito kuliko wa mtu wa maabara, wakati masharti yetu ni mepesi kuliko yake. Yeye, kwa kiumbe ambacho hakitamsikia, anadaiwa vielelezo hai katika nchi mbili. Mimi, kwa mtoto wa watu, nilidaiwa kichwa kinachoenea.

Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Nadhani wanaosema hivyo wanajua pia kwamba jina baya nalo linaonekana gizani, tena kwa mbali zaidi.

Mwaka 2020 watafiti wengine walileta pendekezo juu ya familia hii ya bakteria, na mimi nimelipenda kuliko vyote nilivyosoma. Walisema jina la spishi lifuate undugu. Kisha tendo, yaani kuua viwavi au kusababisha kimeta, liongezwe pembeni kama sifa, na liongezwe tu kwa bakteria ambaye amekutwa nalo. Akilipoteza, sifa inaondoka na jina linabaki. Ndugu yake akilipata, sifa inaandikwa kwake hata kama ukoo wake haukujulikana kwa ubaya. Sokwe wa Taï wanatuonyesha kwa nini hili la pili ni muhimu kama la kwanza: ukitazama ukoo tu, hatari inakupita ikiwa imevaa jina la kiporo.

Kwa lugha ya chumba cha habari, hii ingekuwa: kijana, mkazi wa mahali fulani, anayetuhumiwa na fulani kufanya hiki, usiku fulani. Ni ndefu. Haiingii kwenye nafasi ya herufi ishirini. Wahariri wengi watakwambia msomaji hana muda, na wanasema kweli. Lakini urefu ule ndio unaobeba vitu vyote ambavyo mama yule aliviulizia: nani, alifanya nini, na nani aliona. Tukivitoa ili kichwa kienee, tunachobakiza si ufupisho wa habari ileile. Ni habari nyingine, ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Sijui kama ningekuwa jasiri siku ile. Nilikuwa na miezi minne kazini, na mhariri alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Sitaki kujifanya kwamba kusoma habari za viluwiluwi kumenitakasa. Kilichobadilika ni kidogo. Nikitaka kuandika jina la kundi sasa, najiuliza kama nimemtenga hata mmoja, na kama kuna mahali mtu atakwenda kunisahihisha. Mara nyingine jibu ni ndiyo, naandika, na naandika bila kupunguza makali. Mara nyingi zaidi jibu ni hapana, nalalamikiwa kwamba vichwa vyangu ni virefu.

Ile picha bado ipo mtandaoni. Wa tatu kutoka kushoto, na maneno yangu chini yake. Nimeliandikia gazeti lile mara mbili kuomba iondolewe, au angalau yale masahihisho yabandikwe palepale chini ya picha, na sijajibiwa. Juzi nimeandika barua ya tatu. Safari hii sikueleza mengi. Niliweka kiungo cha picha, tarehe aliyoachiwa, na swali la mama yake: aliyeandika, alimwona?